Padri Pluche, mwalimu wa watoto katika elimu ya viumbe

Tukihesabu mapadri waliojulikana kwa elimu, mara moja tunamtaja Mendel na njegere zake, ao Mbelgiji Georges Lemaître aliyechunguza mwanzo wa ulimwengu. Noël-Antoine Pluche hatumtaji. Yeye hakuvumbua kitu. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza vijana mambo yaliyovumbuliwa na wengine. Lakini kazi hiyo ni karibu sana na kazi yetu sisi mapadri na wakatekista, na kwa hiyo inafaa tumjue, wema wake na kosa lake pia.

Pluche alizaliwa mwaka 1688 katika mji wa Reims, inchi ya Ufaransa. Akafundisha katika mji huo, akapata upadri, kisha askofu wa Laon akamwita aongoze koleji ya kule. Hapo shida ikamfikia. Mwaka 1713 Papa Klementi XI alikuwa ametoa barua iitwayo Unigenitus, iliyokataza maneno 101 ya kitabu cha padri Quesnel, juu ya mafundisho ya Wajansenisti. Mapadri wa Ufaransa waligawanyika. Pluche hakukubali kuipokea barua ile, ikampasa kuacha koleji. Jambo hili tusilifiche, wala tusilisifu.

Charles Rollin, mwalimu mashuhuri wa Paris, akamsaidia kupata kazi huko Rouen: kumfundisha mtoto wa Bwana de Gasville, mkubwa wa serikali ya mfalme katika jimbo lile. Hivi mtu aliyezoea kuongoza koleji nzima akajikuta mbele ya mwanafunzi mmoja. Mbele ya mtoto mmoja mwalimu hawezi kujificha nyuma ya maneno makubwa. Mtoto asipofahamu, inaonekana papo hapo.

Mwaka 1732 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake, Le Spectacle de la nature, maana yake Maonyesho ya viumbe. Sehemu ya mwisho, ya 8, ilitoka mwaka 1750. Hakuandika kwa namna ya swali na jibu la kukariri; aliandika mazungumzo. Kijana mmoja amekuja shambani wakati wa vakansi, naye anaongea na bwana wa mahali pale, na mke wake, na padri wa parokia. Mama yule hakai kimya: naye anauliza na kueleza. Wanaanza na wadudu, yaani viumbe ambavyo mtoto anaweza kuvishika kwa mkono. Kisha wanakuja ndege, samaki, mimea, mito na milima, mpaka nyota za mbinguni. Tena Pluche hakudharau kazi za mikono: picha za kitabu chake zinaonyesha vyombo vya mafundi na namna ya kuvitumia.

Kitabu kikaenea sana. Kikageuzwa katika Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani, Kiitaliani na Kihispania. Mwaka 1910 Daniel Mornet alitoa hesabu ya vitabu vilivyokuwa katika maktaba 500 za watu wa Ufaransa wa wakati ule. Cha Pluche kilikuwamo katika zaidi ya 200. Mwaka 1749 Pluche, ambaye masikio yake yalikuwa yamekuwa mazito, akahamia La Varenne-Saint-Maur, akafa huko mwaka 1761.

Sasa tuone kosa lake. Pluche alitaka kila kiumbe kimwonyeshe mtoto wema wa Mungu, na nia hiyo ni njema. Lakini alifanya haraka kusema kwa nini Mungu ameumba hiki na kile kwa faida ya mtu. Maji ya bahari hujaa na kupwa kila siku, jambo ambalo sisi wa bara hatulioni katika Ziwa Tanganika. Pluche aliandika kwamba Mungu amepanga hivyo ili merikebu ziingie bandarini kwa urahisi. Voltaire, mwenye ulimi mkali juu ya Eklezia, akamcheka: Bahari ya Mediterania ina bandari, na maji yake karibu hayapandi wala hayashuki! Tena tangu mwaka 1687 Newton alikwisha kueleza kwamba mwezi na jua ndivyo vinavyovuta maji. Voltaire alimcheka padri, na padri alikuwa amempa sababu.

Ndugu, kosa hili si la zamani tu. Mtoto wa katekismu anauliza: «Kwa nini Mungu ameumba mbu?» Tunaogopa kunyamaza, basi tunatunga jibu. Kesho mtoto yule anaingia sekondari, anajifunza habari za malaria, anaona kwamba jibu letu lilikuwa bure. Hatari ni kwamba hatatupa jibu letu peke yake. Atatupa na imani tuliyoifunga pamoja nalo.

Tunapashwa kumfuata Pluche pale alipofanya vema: kutoka nje pamoja na watoto, kuanza na mdudu aliye mkononi, kumwacha mtoto aulize, kumsikiliza fundi na mama wa nyumba. Lakini juu ya nia za Mungu tuseme kile tulichofundishwa na Eklezia, na zaidi ya hapo tuwe na moyo wa kusema: «Mwanangu, hilo sijui. Tutazame tena pamoja.»