Nuru, Ushanga na Theluji

Msomaji, ukipata kufika Katelembo, katika Machakos, ingia katika nyumba mojawapo ya siku hizi asubuhi jua likichomoza, kisha utazame vitu vitatu. Kwanza, dirisha la kioo: nuru yapita, nawe waweza kuwahesabu mbuzi walio uani. Pili, karatasi ya plastiki iliyotiwa kati ya mabati ya paa: mwanga waingia na chumba chang'aa, lakini wingu lililo juu yake hulioni. Tatu, ukuta wa matofali: nuru yakomea hapo, na nyuma yake pana kivuli. Kitu cha kwanza huitwa angavu; cha pili, nusu angavu; na cha tatu ni kile kisichopitisha nuru kabisa. Majina haya ni mepesi kukariri, ila historia yatuonya tusiyatumie kwa haraka.

Wakamba wa zamani hawakuwa na madirisha ya kioo. Nyumba zao zilikuwa za mviringo, zimeezekwa nyasi zilizoteremka mpaka karibu na ardhi, na nuru iliingia kwa mlango mdogo. Hata hivyo kioo kilikuwa kimekwisha fika Ukambani kabla ya dirisha la kwanza. Kilikuja katika umbo la ushanga. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilichukua pembe za ndovu mpaka pwani ya Mombasa, ikarudi na nguo, nyaya za shaba na shanga. Mtu aliyevaa shanga hizo shingoni alivaa kioo, lakini shanga nyingi hazikupitisha nuru.

Pengine wauliza: Yawezekanaje kioo kisipitishe nuru? Kioo ni mchanga ulioyeyushwa pamoja na magadi na chokaa. Kikiwa safi, nuru hukipenya bila kutawanyika, na kwa hiyo twaona ng'ambo yake. Lakini fundi akitia ndani yake chembe ndogo ndogo, nuru hugonga chembe hizo, nyingine ikamezwa na nyingine ikarudishwa nje. Katika shanga nyekundu za kale za Bara Hindi, zilizofukuliwa katika magofu ya pwani yetu, chembe za shaba ndizo zilizoziba njia.

Aliyetufundisha kuyachunguza mambo haya kwa majaribio ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeandika kitabu chake kikubwa juu ya nuru huko Kairo, kati ya mwaka 1011 na 1021. Kabla yake wenye elimu wengi walishikilia kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu. Yeye alionyesha kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Hakuridhika na maneno ya wakubwa waliomtangulia. Aliingia katika chumba chenye giza, akaacha nuru ipite katika tundu dogo, akatazama.

Si watu wote waliofuata njia hiyo. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akaandika kwamba ni theluji. Mwaka uliofuata mwenzake, Johann Ludwig Krapf, alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, na tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka, akauona mlima mwingine wenye weupe. Jina la mlima huo alilisikia vinywani mwa Wakamba, nalo likaja kuwa jina la nchi yetu nzima, Kenya.

Huko London, William Desborough Cooley, bingwa wa ramani ambaye hakupata kuikanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Aliwaona waliosema hivyo kuwa wamekosea. Ubishi uliendelea kwa miaka. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro kupita mita 4,000, wakakutwa na theluji huko huko mlimani. Na mwaka 1883 Joseph Thomson akauona Mlima Kenya kwa macho yake.

Sasa litazame lile lililobishaniwa. Theluji ni maji yaliyoganda, na barafu safi ni angavu kama kioo. Mbona basi theluji ni nyeupe, nawe huwezi kuona kilicho chini yake? Kwa sababu ni vipande vidogo vingi vyenye hewa katikati. Kila nuru ipitapo kutoka hewani kuingia barafuni, au kutoka barafuni kuingia hewani, hupindwa na sehemu yake kurudishwa; ikipindwa mara elfu, hurudi kwetu imetawanyika, nasi twaiona nyeupe. Ukungu wa asubuhi nao ni matone ya maji, maji yale yale unayoyaona angavu katika bilauri.

Wataka ushahidi? Paka tone la mafuta katika karatasi, kisha iinue mbele ya dirisha. Pale penye mafuta patang'aa, kwa kuwa mafuta yamejaza nafasi za hewa zilizokuwa kati ya nyuzi za karatasi, na nuru haitawanyiki tena kama kwanza.

Basi, msomaji, usiseme kwamba kioo lazima kipitishe nuru, wala kwamba maji hayawezi kuficha mlima. Uliza kwanza kimepangwaje ndani, kina unene gani, na kimechanganywa na nini. Cooley alikuwa na vitabu vingi kuliko wachukuzi wa pembe waliopita nyanda hizi. Wao walikuwa wameutazama mlima.