UZI: Ndugu akitoa ushahidi dhidi ya ndugu, korti ya rufaa inamwamini nani?

Kila majaji wa rufaa hapa Kisumu wanapomwachilia mtu aliyefungwa kwa ushahidi wa jamaa zake, mtandaoni ni kelele: "wamehongwa hao". Wakikataa rufaa, kambi ile nyingine inasema shahidi alikuwa na kinyongo cha shamba. Wanasiasa nao hudandia, kutegemea mfungwa ni wa kwao au la. Nasoma siasa chuoni, si sheria, lakini hii historia imenishika.

Turudi 1917. Amkeyo ameshtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, na mkewe wa ndoa ya kimila ni shahidi dhidi yake. Sheria ya ushahidi iliyotumika Kenya ilitoka India, ya mwaka 1872, nayo ililinda maneno ya siri kati ya mume na mke. Jaji Mkuu Hamilton akasema ulinzi huo hauwahusu hawa, eti ndoa yao ni kununua mke tu. Yaani kwa uamuzi mmoja, mke wa kimila akawa mtu baki mbele ya korti.

Sheria ya Ushahidi ya 1963 ndiyo iliyoondoa ubaguzi huo. Kifungu cha 127 kinamtambua hata mke wa ndoa ya mitala. Upande wa mashtaka hauwezi tu kumwita dhidi ya mumewe, isipokuwa kwa makosa kama ya ngono, au yanayomdhuru yeye au watoto.

Sasa rufaa. Mwaka 1972, katika kesi ya Okeno, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisisitiza kwamba korti ya rufaa ya kwanza lazima iupime ushahidi wote upya, ikikumbuka kwamba yenyewe haikumwona shahidi wala kumsikia. Rufaa ya pili ni ya hoja za sheria pekee.

Hapo pa "haikumsikia" ndipo naona shida kubwa. Mama kutoka Nyando anaongea Dholuo, karani anatafsiri, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Akisema "omera", inaandikwa ndugu yangu. Baadaye akieleza kwamba huyo ni binamu, kwa karatasi anaonekana anajipinga. Majaji wanasoma karatasi. Ndiyo maana hutenganisha kupingana kudogo na kule kunakogusa kiini cha kosa: nani, lini, alifanya nini.

Na kinyongo? Hakimfanyi mtu kuwa mwongo. Korti huuliza kilitajwa lini. Kama wakili alimuuliza shahidi kuhusu ule mpaka wa shamba alipokuwa kizimbani, kina uzito. Mshtakiwa akikitaja mara ya kwanza wakati wa kujitetea, majaji wanaweza kukiona kama hadithi ya kubuniwa baadaye. Halafu wanaangalia: ukimtoa huyo jamaa, kesi bado inasimama?

Sheria haidai idadi ya mashahidi, mmoja anaweza kutosha. Lakini tangu kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, anayemtambua mtu peke yake katika mazingira magumu hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Usiku, koroboi imezimika, watu wanapiga nduru, hata shemeji unaweza kumfananisha.

Kuna hili pia, na watu hulisahau. Hadi 2003, korti zetu zilidai ushahidi wa mwanamke katika kesi ya ngono uungwe mkono na mwingine, kana kwamba wanawake huzaliwa waongo. Mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasema huo ni ubaguzi. Leo, kwa kifungu cha 124, mwathiriwa wa kosa la ngono anaweza kuaminiwa peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kumwamini. Asipoziandika, anampa wakili wa mfungwa hoja ya rufaa.

Kwa hivyo kabla hujaandika "wamehongwa", tafuta hukumu yenyewe. Tovuti ya Kenya Law ni bure. Angalia kama ni rufaa ya kwanza au ya pili, kisha uone hakimu wa kwanza aliandika nini kuhusu huyo shahidi.