Mikono ya Sanamu za Borobudur

Hekalu la Kibuddha la Borobudur, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, lilijengwa kwa mawe ya volkano mnamo karne ya 8 na ya 9. Awali lilikuwa na sanamu 504 za Buddha: 432 zimekaa ndani ya mashubaka ya ngazi za chini, na 72 juu kabisa, kila moja ndani ya stupa yenye umbo la kengele iliyotobolewa matundu. Zaidi ya 300 zimeharibika, na nyingi kati ya hizo hazina vichwa, kwani kichwa ndicho kilichotafutwa na wezi na wakusanyaji wa vitu vya kale. Lakini anayezifahamu sanamu hizi akikuta kiwiliwili kitupu, bado ataweza kueleza Buddha huyo anafanya nini, mradi mikono iwepo. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika sanaa hii ya kutafakari, mafundisho yamewekwa mikononi kuliko usoni.

Ushahidi uko katika mpangilio wenyewe. Kwenye kuta nne za chini, kila upande una sanamu 92 zenye ishara moja ya mkono, ambayo Wabuddha huiita mudra. Mashariki, mkono wa kulia umeteremka juu ya goti, vidole vikielekea ardhini. Kusini, kiganja kimefunuliwa juu ya goti hilohilo kama cha mtu anayetoa. Magharibi, mikono yote miwili imepakatwa, wa kulia juu ya wa kushoto. Kaskazini, kiganja kimeinuliwa kumwelekea mtazamaji ili kumtoa hofu. Katika ukuta wa tano sanamu zote 64, pande zote, zimegusanisha kidole gumba na cha shahada, ishara ya kufafanua hoja. Nyuso zake zinafanana mno, na mkao ni uleule. Aliyechonga aliacha tofauti yote itokee kwenye viganja.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni alama za utambulisho tu, za kumtenganisha Buddha mmoja na mwingine. Kweli, zilifanya kazi hiyo. Lakini kwa utambulisho pekee ingetosha kuchonga mnyama au ua chini ya kiti. Mkono una jambo la ziada: mtazamaji anao wake. Mtawa aliyeketi kutafakari alipakata mikono vilevile kama sanamu za magharibi, kwa hiyo alichokiona kwenye jiwe aliweza kukitenda papo hapo kwa mwili wake.

Pingamizi zito zaidi ni la asili. Sanaa ya mwanzo ya Kibuddha, kama ile ya Sanchi nchini India, ilimwakilisha Buddha kwa nyayo, mti au kiti kitupu. Sanamu zenye umbo la mtu zilipoenea Gandhara na Mathura katika karne za mwanzo za zama zetu, nyingi zilinyanyua mkono wa kulia, ishara iliyokuwa ikitumiwa pia kuonyesha mamlaka ya watawala. Je, basi ni ishara ya kifalme iliyovalishwa joho la dini? Sidhani asili inamaliza maana. Kiganja cha mfalme kilimhakikishia raia ulinzi wa dola. Cha Buddha kilimwahidi amani mtu mbele ya kifo na woga wake mwenyewe, na aliyekiinua ni mwana wa mtawala aliyeuacha utawala.

Tena, kuzisoma ishara hizi haikuwa elimu ya wasomi peke yao. Ushoroba wa kwanza wa Borobudur una michongo 120 ya maisha ya Buddha, na mhujaji aliifuata akizunguka hekalu huku jengo likiwa kuliani kwake. Humo alimkuta Mara, mshawishi, akija na jeshi lake kumng'oa Siddhartha, yaani Buddha kabla ya kuamka, chini ya mti alipokuwa akitafakari. Naye, kwa mujibu wa masimulizi, akaigusa ardhi imshuhudie. Aliyejua kisa hicho hakuhitaji kufundishwa maana ya vidole vinavyoelekea chini upande wa mashariki. Michongo hiyo inakoma kwenye hotuba ya kwanza ya Buddha. Wataalamu bado wanabishana zile sanamu 72 za juu ni za Buddha yupi hasa, ila ishara yake haina ubishi: mikono miwili mbele ya kifua, vidole vimepindwa, ikizungusha gurudumu la mafundisho lililoanza kuzunguka siku ya hotuba hiyo.