Ule mpira ndani ya puli una kazi gani?

Najua kimya kimekuwa kirefu, kazi zimenibana kweli kweli. Leo naiweka kompyuta kando kidogo, nazungumzia kipande cha chuma. Msikimbie lakini! Mwishowe tutarudi kule kule kwenye programu.

Wikendi iliyopita nilikuwa Waa kwa mjomba wangu. Kwa wasiopajua, Waa ni huko Kwale: ukishavuka feri ya Likoni unashika barabara ya Lunga Lunga, unapita Ng'ombeni, na kabla hujafika Tiwi umeshafika. Mjomba ana gereji chini ya mwembe. Nilimkuta ameshika puli mbili za injini ya Subaru, moja kila mkono, kama muuza nazi anayechagua.

"Mjomba," akaniita (naye huniita hivyo hivyo, ndio desturi yetu), "hii mpya ni chuma kitupu. Hii ya zamani ina mpira katikati. Huo mpira waliuweka wa nini?"

Sikuwa na jibu. Na aibu yenyewe ni kwamba mimi ndiye niliyemshauri binamu yangu anunue hiyo mpya.

Hadithi ni hii. Binamu alinunua Impreza ya turbo yenye injini ya EJ20, sehemu kwa akiba yake na sehemu kwa mkopo wa sacco. Akataka iwe nyepesi kukimbia. Mimi msomi wa kompyuta nikaingia intaneti, nikaona grafu zinazoonyesha nguvu ikipanda baada ya kufungwa puli nyepesi ya aluminiamu, nikamwambia nunua. Tuliipima dukani kwenye mizani ya sukari: ya zamani kilo mbili na ushei, mpya nusu kilo na kidogo. Tukafurahi. Nani anataka kubeba uzito usio na kazi?

Swali la mjomba lilininyima usingizi usiku ule, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Ndani ya injini kuna krankshafti, ule mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa kwenda na kurudi uwe mzunguko. Sisi huufikiria kama chuma kigumu kisichopinda. Si kweli. Kila silinda inapolipua mafuta, pistoni huupiga mhimili pigo kali, nao hujinyonga kidogo sana, kama shuka linapokamuliwa, kisha hurudi. Injini ya silinda nne hupata mapigo mawili kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika, hayo ni mapigo 100 kila sekunde.

Sasa fikiria bembea za sikukuu ya Idi. Ukimsukuma mtoto ovyo ovyo, haendi mbali. Ukimsukuma kila anaporudi, kwa wakati wake hasa, anapanda juu mpaka mama yake anapiga kelele. Krankshafti nayo ina wakati wake. Mapigo yakilingana nao, kule kujinyonga kunakua na kukua, na mwisho wake ni boliti kulegea, au mhimili wenyewe kukatika.

Watengenezaji wa magari waligundua haya kwa maumivu mwanzoni mwa karne ya 20, walipoanza kuunda injini za silinda sita kwa mstari. Krankshafti ilirefuka, na kitu kirefu hujinyonga kirahisi. Mihimili ikawa inatetemeka na kukatika hata pale ilipoonekana minene ya kutosha. Henry Royce wa Rolls-Royce alipambana na tatizo hili. Mwingine alikuwa Mwingereza Frederick Lanchester (1868–1946), ambaye karibu na mwaka 1910 alitoa dawa yake: kwenye ncha ya mhimili funga gurudumu dogo zito ambalo halikushikamana nao moja kwa moja. Mhimili ukiruka mbele ghafla, gurudumu linachelewa. Msuguano kati yao unaula mtetemo na kuugeuza kuwa joto. Baadaye ikaja njia rahisi zaidi ya kufanya kazi hiyo hiyo, yaani kitovu cha chuma, pete nzito ya nje, na katikati yake mpira.

Umeuona mpira wa mjomba sasa?

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, siku hizi chuma ni bora. Basi tuje karibu na kwetu. Wazee wanaikumbuka Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally. Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, kijana wa Uganda, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla.

Gari hilo lilikuwa na injini ya lita 2.4, silinda sita kwa mstari. Mwaka 1970 timu ya BRE ya Peter Brock, kule California, ilianza kulishindanisha kwenye mbio za lami. Injini ilipozungushwa kwa kasi ya mashindano, krankshafti ilitetemeka kiasi cha kulegeza flaiwili. Ilibidi Nissan ibadili muundo wa krankshafti. Baada ya hapo John Morton akachukua ubingwa wa daraja lake mwaka 1970 na tena 1971. Angalieni: hilo lilikuwa gari jipya, la kiwanda kikubwa, na bado mtetemo huu uliwapiga chenga wahandisi. Ndio maana namwogopa mtu anayesema ameondoa kizuia mtetemo na hakikutokea kitu kwa kuwa yeye hakusikia kitu. Kwenye kiti cha dereva mtetemo huu husikiki.

Mfano wa pili ni wa Subaru yenyewe. Mwaka 1990 Patrick Njiru alimaliza Safari katika nafasi ya nane akiendesha Legacy ya Kundi N. Kundi N lilikuwa la magari yanayokaribiana sana na yale ya dukani, na sheria zilibana mno kubadilisha injini. Mwaka ule Safari ilivunja magari mengi yaliyojengwa kwa ajili ya mashindano tu. Injini ya Legacy ile ilitoka ukoo ule ule wa EJ20 ya binamu yangu, ulioanza mwaka 1989.

Nitende haki sasa, maana sitaki kuwauzia hofu. Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, kwa hiyo krankshafti yake ni fupi na imeshikwa na beringi tano. Hujinyonga kidogo kuliko ile ya silinda sita. Wapo watu wengi wanaoendesha Subaru zenye puli nyepesi mwaka baada ya mwaka bila tatizo. Kwa hiyo siwezi kusema ya binamu ingekatika. Lakini mwenye Mark II ya silinda sita kwa mstari, au Nissan Skyline GT-R yenye RB26, asinisikilize nusu nusu. RB26 za mwanzo zinajulikana kwa kuvunja gia za pampu ya oili, kwa kuwa sehemu ya krankshafti inayoizungusha pampu ni fupi. Kuziongezea mtetemo ni kutafuta msiba. Hata mbio fupi za Marekani, ambako kila mtu anatafuta kasi, zina kiwango cha usalama cha vizuia mtetemo, SFI 18.1. Wenye injini zenye nguvu sana hununua kizuia mtetemo bora zaidi, mara nyingi kizito kuliko cha kiwandani.

Na zile grafu je? Hazikudanganya, mimi ndiye sikuzisoma vizuri. Mashine nyingi za kupima nguvu huangalia injini inavyoongeza kasi. Ukipunguza uzito unaozunguka, kasi inapanda haraka, na mashine inaandika kwamba nguvu imeongezeka. Injini ikiwa kwenye mwendo mmoja, puli nyepesi haiongezi chochote. Zaidi ya hapo puli ni ndogo, na uzito ulio karibu na kitovu hauna kishindo kama ule wa magurudumu. Gia ya kwanza utahisi tofauti kidogo. Gia ya nne ni mawazo yako tu.

Tatizo lililompata binamu halikuwa hata la krankshafti. Puli niliyomchagulia ilikuwa na kipenyo kidogo kuliko ya zamani, kwa hiyo ilizungusha alteneta polepole. Kwenye EJ20 pampu ya maji inaendeshwa na mkanda wa taimingi, hivyo injini haikuchemka. Lakini usiku mmoja kwenye foleni ya feri Likoni, injini ikinguruma taratibu, taa zimewashwa na kiyoyozi kinapuliza, taa zikaanza kufifia. Zamu yake ilipofika, alizima gari ndani ya feri, nalo likakataa kuwaka. Akasukumwa na watu mpaka nchi kavu. Alinipigia simu usiku ule, na sitaandika hapa aliyoniambia.

Mjomba amerudisha puli yenye mpira. Si ile ya zamani lakini, kwa sababu tulipoikagua mpira wake ulikuwa umepasuka. Hili nalo mlijue: mpira huzeeka, hasa kwenye joto na mafuta, na pete ya nje inaweza kuteleza. Ya kiwandani iliyochoka si salama kwa vile tu ni ya kiwandani. Binamu amenunua mpya. Nusu ya bei nimelipa mimi, na ni haki.

Niliahidi tutarudi kwenye programu. Kazini niliwahi kuufuta mstari mmoja wa kodi uliokuwa unaifanya programu isubiri nusu sekunde bila sababu niliyoiona. Programu ikawa na kasi, nikasifiwa. Wiki mbili baadaye, siku yenye wateja wengi, maombi mawili yakagongana na rekodi zikaharibika. Ule mstari ulikuwa mpira ndani ya puli. Aliyeuandika alishaondoka, na hakuacha maelezo.

Tangu hapo sifuti kitu kabla sijajua nani alikiweka na alikuwa anakimbia nini. Nilidhani somo hilo nimeshalielewa, kumbe nilikuwa nimelielewa kwenye kompyuta peke yake. Mjomba hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, na aliuliza swali sahihi kabla yangu.

Haya, tuonane tena. Kama una gari la silinda sita kwa mstari, fungua boneti leo uangalie huo mpira.