Karatasi za ndoa: historia fupi ya viza ya bibi na bwana



Wengi wenu mnajua kama niliolewa. Bwana yangu ni Mbelgiji. Tulifunga ndoa mbele ya état civil hapa Bukavu, mahari ilipokelewa na baba zangu wadogo, na kisha wiki tatu yeye akarudi Liège kwenye kazi yake. Mimi nikabaki na dosie. Tangu siku ile, sokoni, kanisani, hata kwenye matanga, watu wananiuliza swali moja: "Bado haujaenda?" Wanafikiri ukiolewa na mzungu, ndege inakungoja Kavumu.

Kwa kuwa nilisoma historia, nimefanya kile walimu wetu walitufundisha: mbele ya kulalamika juu ya karatasi, uliza ilitoka wapi. Nani alianza kumuomba mtu aliyeoa ruhusa ya kuishi na bibi yake? Jibu nililolipata ni refu kuliko dosie yangu, na ninadhani linaweza kumsaidia kila mmoja wetu aliye na mchumba ng'ambo.

Tuanze na jambo la kushangaza. Zamani, viza ya namna hii haikuhitajika sana, lakini si kwa sababu ya wema. Sheria ya raia ya Napoleon ya mwaka 1804, iliyotumika Ufaransa na pia Ubelgiji, ilisema mwanamke anafuata hali ya bwana yake. Mwanamke mgeni akiolewa na Mfaransa, anakuwa Mfaransa. Mwanamke Mfaransa akiolewa na mgeni, anapoteza uraia wake. Marekani nayo iliweka sheria kama hiyo mwaka 1907: Mmarekani mwanamke aliyeolewa na mgeni alihesabiwa mgeni katika nchi alikozaliwa. Sheria ya Cable ya mwaka 1922 ilianza kuondoa jambo hilo, lakini si kwa wote mara moja.

Wanawake walipigana miaka mingi ili uraia wao usifungwe kwenye pete. Tarehe 20 Februari 1957 Umoja wa Mataifa uliweka mkataba juu ya uraia wa mwanamke aliyeolewa: ndoa isimpe wala isimnyang'anye uraia bila yeye kutaka. Ubelgiji ilibadilisha sheria yake ya uraia tarehe 28 Juni 1984. Tangu hapo kuolewa na Mbelgiji hakukufanyi tena Mbelgiji moja kwa moja.

Ule ulikuwa ushindi, na mimi ninaushukuru. Lakini angalieni vizuri matokeo yake. Siku mwanamke alipoanza kubaki na uraia wake, siku hiyohiyo akawa mgeni ndani ya nyumba ya bwana yake. Na mgeni anaombwa karatasi. Njo vile viza ya ndoa ilipata nguvu yake.

Sasa turudi kwetu. Sisi Wakongo tulijua kuomba ruhusa ya kutembea mbele hata ya kujua neno viza. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilisema mtu mweusi akitaka kutoka katika eneo lake zaidi ya siku 30 mfululizo, awe na passeport de mutation. Babu zetu walihitaji karatasi ili kutoka kijiji kwenda mji, ndani ya nchi yao.

Na serikali ya koloni iliingia mpaka chumbani. Wazungu wengi waliishi na wanawake wa Kongo waliowaita "ménagères", watunza nyumba, bila ndoa. Watoto waliozaliwa, serikali iliwaondoa kwa mama zao na kuwapeleka kwenye misioni, mingine mbali sana, kama ile ya Save kule Rwanda. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha mbele ya bunge la Ubelgiji. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki mama watano waliochukuliwa hivyo wakiwa wadogo, ikasema kile walichofanyiwa ni jinai dhidi ya ubinadamu. Mama wale walikuwa wamezeeka tayari.

Kisha vita ya pili ya dunia, kukaja kadi ya mérite civique mwaka 1948 na immatriculation mwaka 1952, kwa wale walioitwa évolués. Ili kupata, mtu alichunguzwa maisha yake: ana bibi mmoja tu? Nyumba iko namna gani? Anakula mezani na bibi yake? Mkaguzi alifika nyumbani kuangalia. Niliposikia kama leo Ulaya polisi inaweza kugonga mlango wa bibi na bwana kuhakikisha wanalala nyumba moja kweli, sikushangaa sana. Sisemi ni kitu kilekile, juu yule évolué alichunguzwa kwa sababu ya rangi yake, na leo hata bwana mzungu anaulizwa. Lakini mazoea ya ofisi kupima ndoa ya mtu kwa macho, hayakuanza jana.

Kuko mfano mwingine wa Afrika ambao kila mwanafunzi angepaswa kuujua. Seretse Khama, mrithi wa kiti cha Wabangwato katika Bechuanaland, alikuwa anasoma sheria London alipomuoa Ruth Williams, msichana Mwingereza, mwezi wa Septemba 1948. Mwaka uleule chama cha ubaguzi kilishika utawala Afrika Kusini, na mwaka 1949 kikakataza ndoa za mzungu na asiye mzungu. Uingereza ilihitaji uranium na dhahabu ya Afrika Kusini, haikutaka kumkasirisha jirani. Ikamwita Seretse London kama kwa mazungumzo, kisha ikamkataza kurudi kwao. Alirudi mwaka 1956 tu, kisha kukubali kuacha kiti cha ukoo. Mwaka 1966 nchi ikawa Botswana, na yeye akawa rais wake wa kwanza, Ruth akiwa pembeni yake. Sisi wa nchi ya Shinkolobwe tunajua kama uranium inaweza kuvuruga mengi. Hapo ilivuruga hata ndoa.

Tufike Ulaya ya leo. Mwaka 1964 Ubelgiji ilisaini mikataba na Moroko na Uturuki ili kupata wafanyakazi, hasa wa migodi, na familia zao zilikaribishwa. Lakini uchumi ulipoyumba, tarehe 1 Agosti 1974 serikali ilifunga kuingiza wafanyakazi wapya kutoka nje. Mlango wa kazi ulipofungwa, ulibaki mlango wa familia. Na mlango ukibaki mmoja, walinzi wote wanakuja kusimama hapo. Tangu hapo, kila mtu anayesema "ninamfuata bwana yangu" anaangaliwa kama mtu anayetafuta kitu kingine.

Uingereza ilionyesha wazi zaidi. Kuanzia mwaka 1980 mpaka 1997 bwana aliyetoka nje alipaswa kuhakikisha kama shabaha kubwa ya ndoa yake haikuwa kuingia nchini. Sasa niambieni, mtu anahakikisha namna gani kitu ambacho hakiko moyoni mwake? Wanawake watatu, Abdulaziz, Cabales na Balkandali, walishitaki kwa sababu mwanaume aliyekaa Uingereza aliweza kumleta bibi kwa urahisi, lakini wao mabwana zao walikataliwa. Tarehe 28 Mei 1985 mahakama ya haki za binadamu ya Strasbourg ilisema ule ni ubaguzi kati ya mwanamke na mwanaume. Serikali ilirekebisha namna gani? Haikurahisisha kwa wanawake. Ilikaza kwa wanaume pia. Usawa ulipatikana, kwa kuumiza wote wawili.

Kesi ingine inatugusa zaidi. Mwaka 2008 Mkameruni mmoja, Metock, ambaye ombi lake la ukimbizi lilikataliwa Ireland, alikuwa amemuoa mwanamke mwenye uraia wa Uingereza aliyefanya kazi kule. Ireland ilimkatalia kukaa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema hapana: raia wa Ulaya aliyehamia nchi ingine ya Ulaya ana haki ya kuwa na bibi au bwana yake, hata kama huyo hakuwa na makaratasi mbele. Lakini sikieni vizuri: haki ile ni ya aliyehama. Mfaransa anayefanya kazi Liège anafuata sheria ya Ulaya, iliyo nyepesi. Bwana yangu, Mbelgiji anayekaa Ubelgiji kwao, anafuata sheria ya nchi yake, iliyo nzito. Sheria ya tarehe 8 Julai 2011 iliweka kama Mbelgiji anayemleta bibi awe na mapato ya kudumu, asilimia 120 ya msaada wa jamii, awe na nyumba ya kutosha na bima ya afya, na wote wawili wawe wamefika miaka 21. Viwango vile vinabadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee dosie ya rafiki yako wa miaka ya nyuma. Soma sheria ya mwaka unaoandika.

Lakini tusitupe mzigo wote kwa wazungu. Karatasi zilizonichelewesha zaidi ni za kwetu. Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatambua ndoa ya familia, lakini inataka iandikishwe mbele ya état civil. Mahari bila karatasi ni ndoa kwa ukoo, lakini kwa ambasadi ni picha tu. Sheria inataka pia mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Mimi nilizaliwa wakati wa vita. Nani alifikiria siku 90? Nililazimika kwenda mahakamani kutafuta jugement supplétif, kisha kupeleka kila karatasi kugongwa muhuri ngazi kwa ngazi, kwa sababu Kongo haiko katika mkataba wa apostille, ambao ungetosha kwa muhuri mmoja.

Halafu umbali. Ambasadi iko Kinshasa, karibu kilometa 1,500 kutoka hapa, na hakuna barabara ya kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2025, M23 ilipoingia Goma na kisha Bukavu, viwanja vya ndege vilifungwa na benki pia. Karatasi inayoanza kuzeeka tangu siku inapotolewa haijui kama kuko vita.

Na ukifika, bado kuko swali moja la mwisho. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 na Katiba ya 2006 zinasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchanganywi na mwingine. Siku moja Ubelgiji itaweza kunipa uraia, na nikiukubali, wa kwetu ninaupoteza. Wale wanawake wa mwaka 1907 walinyang'anywa bila kuulizwa, mimi nitaulizwa. Ni maendeleo, lakini jibu bado sijalipata, na bwana yangu anajua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina maombi matatu. La kwanza: usimpe mtu wa barabarani pesa ili "akusukumie" viza. Sheria iko wazi, na sisi tumesoma. Tuisome wenyewe, na neno gumu tuliulize kwa mwanasheria. La pili: mkitunza ushahidi wa ndoa yenu, tiketi, barua, pesa mlizotumiana, msione haya. Ni haki kukasirika kwa sababu upendo unaombwa risiti, lakini risiti izikusanye tangu mwanzo. La tatu ni la wale ambao hawana shida ya viza kabisa: kama mtoto amezaliwa kwenu mwezi huu, kesho asubuhi nenda kumwandikisha. Siku 90 zinapita haraka, na hakuna anayejua mtoto yule atampenda mtu wa nchi gani.