Udodi, Wala Si Msokoto

Karatasi niliyokabidhiwa Nachingwea ilitaja "usokotaji wa mishipa iliyovimba". Niliisoma mara tatu, na kila mara nilizidi kukereka. Mtunzi alikusudia tiba ya kupitisha mrija mwembamba ndani ya vena na kuacha humo waya uliojiviringa, damu igande juu yake na njia izibe. Mshipa hausokotwi hata kidogo. Kilichosokotwa ni waya. Mzee wa Ruangwa mwenye vena zilizovimba juu ya korodani akitajiwa msokoto atawaza msokoto wa tumbo, na daktari atawaza korodani iliyojinyonga, ambayo ni dharura ya saa chache. Mkoani Lindi, ambako ngiri na busha navyo huitwa "mshipa", hatuhitaji mkanganyo mwingine.

Neno tunalo. Udodi, wingi wake dodi, ni uzi mwembamba wa shaba au fedha ambao mabibi zetu waliuvaa mikononi na miguuni ukiwa umezungushwa. Daktari Cesare Gianturco na wenzake walipoeleza kifaa chao cha kuzibia mishipa mwaka 1975, kilikuwa waya wa chuma uliojiviringa, umefungwa nyuzi za sufu ili damu ishike. Sonara yeyote wa Kilwa angekitambua. Na neno la Kiyunani walilolitumia wataalamu kuita tiba yenyewe, embolos, maana yake ni kizibo au kabari. Basi ni uzibaji kwa udodi. Nilipolipeleka pendekezo hili kwa wanaopitisha istilahi, nilijibiwa kwamba udodi ni pambo la wanawake. Hiyo haikuwa hoja, na hadi leo sijapewa nyingine.

Ni hao hao walioandika "uhamaji wa koili", koili ikiwa ndiyo huo udodi. Anayehama hufunga virago kwa hiari yake. Udodi huponyoka: kutoka vena ya korodani ya kushoto hufuata damu hadi vena ya figo, ukapita moyoni, ukakwama mapafuni. Huo ni mponyoko. Madhara mengine, kama vena kutoboka, kuwaka uvimbe au kufura upya, na mzio wa dawa ya picha, yanaelezeka kwa maneno ya kila siku.

Muhimbili ilianza kufundisha tiba za namna hii mwaka 2018. Nawasihi madaktari wa Nachingwea na Ruangwa: mkimwandikia mgonjwa rufaa ya kwenda huko, andikeni "uzibaji wa vena kwa udodi", kisha msomeeni kabla hajapanda basi.