Jani la Mbuni

Historia ya kahawa ya Kilimanjaro imeandikwa sana, na karibu yote ni historia ya punje. Jinsi punje ilivyofika: mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda Kilema, jirani zetu kabisa sisi wa Kirua Vunjo. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1898, na mbegu ilikuwa ya ukoo wa Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Jinsi punje ilivyogombaniwa: walowezi hawakutaka Mchaga alime arabika, na Wachaga wakaunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, kilichozaa KNCU mwaka 1933. Jinsi punje ilivyosomesha watoto: hapo sitaji mwaka, muulize Mchaga yeyote mwenye shahada.

Jani halimo. Au tuseme limo linapougua tu. Ukiwa na kihamba unalijua jani kwa kutu, ile poda ya rangi ya chungwa inayotokea chini yake, na kwa mrututu unaopulizwa kuizuia. Ugonjwa huo wenyewe una historia kubwa. Uliripotiwa Ceylon mwaka 1869, na ndani ya miaka kama 20 kisiwa kizima kikaacha kahawa na kugeukia chai. Kwa hiyo unaponunua majani ya chai ya Sri Lanka, kumbuka kuna majani mengine yaliyokufa kwanza.

Mimi nilitaka kujua jani lina nini likiwa zima.

Kwanza ilinibidi nianze na punje, maana sayansi nayo ilianzia huko. Wapenzi wa fasihi mtaifurahia hii. Mwaka 1819 kijana mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alimwonyesha Goethe, ndiyo, Goethe yule wa *Faust*, jinsi utomvu wa mmea wenye sumu unavyotanua mboni ya jicho la paka. Mzee akavutiwa, akampa punje za kahawa akazichunguze. Runge akatoa ndani yake kitu cheupe, kichungu, tunachokiita leo kafeini. Mshairi alikuwa na kahawa ya kugawa, wakati mlimani kwetu hakuna aliyekuwa ameuona mbuni.

Jani likasubiri hadi mwaka 1854. Mkemia wa Kiskoti, John Stenhouse, alichapisha uchunguzi wa majani makavu ya mbuni kutoka Sumatra, akakuta kafeini humo pia, zaidi kidogo ya asilimia 1 ya uzito. Lakini kwa nini kulikuwa na majani makavu ya mbuni Sumatra? Kwa sababu watu walikuwa wanayanywa. Waliyabanika motoni, wakayachemsha, wakaita kinywaji hicho kawa daun, yaani kahawa ya majani. Simulizi inayorudiwa huko ni kwamba Wadachi waliwalazimisha kulima kahawa na kuwakabidhi punje, kwa hiyo mkulima akabaki na jani. Ethiopia nako, upande wa Harar, watu hunywa kuti, majani ya mbuni, na hao hawakuhitaji Mdachi kuwafundisha.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kuhusu sisi. Sisi nasi punje tuliipeleka chamani, lakini jani hatukulinywa. Tulikunywa mbege, kisha tukanunua chai dukani, kwa hela ya kahawa! Shangazi yangu amelima kahawa maisha yake yote na kikombe cha kahawa hakinywi, anasema kinampa mapigo ya moyo. Majani anayajua kwa kazi nyingine: akiondoa maotea na kupogoa, yanabaki chini kuwa matandazo ya migomba.

Karne hii wakemia wamelirudia jani, na safari hii habari imeanzia kwetu. Katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania kuna mbuni pori, *Coffea pseudozanguebariae*, ambao punje zake hazina kafeini. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba wamepata ndani ya majani yake kemikali iitwayo manjiferini. Jina limetokana na mwembe, ambako kemikali hiyo ni maarufu.

Namna ya kuipata si uchawi, ni uvumilivu. Jani linakaushwa, linasagwa, linalowekwa kwenye kimiminika cha jamii ya spiriti ili vilivyomo viyeyuke. Maji yale yanasukumwa kupita kwenye bomba jembamba lililojazwa unga laini sana. Kila kemikali ina kasi yake humo: nyingine inang'ang'ania unga, nyingine inateleza, kwa hiyo zinatoka moja moja, kila moja kwa dakika yake. Kisha unapima uzito wa molekuli na jinsi atomu zilivyopangana. Hapo ndipo unaweza kusema kwa uhakika: hii ina kaboni 19, hidrojeni 18 na oksijeni 11, hii ni manjiferini.

Mwaka 2012 timu iliyowajumuisha baadhi ya watafiti haohao, pamoja na Aaron Davis wa bustani ya Kew, London, ilichapisha uchunguzi wa majani ya aina 23 za mibuni. Arabika, yaani huu wetu wa chini ya migomba, ukawa miongoni mwa yenye manjiferini nyingi, hasa kwenye majani machanga. Magazeti ya Uingereza yakarukia: chai mpya ya afya! Mimi ni mwandishi wa habari, najua kichwa cha habari kinavyopikwa. Kemikali kuonyesha nguvu fulani maabara si sawa na kumponya mtu, na nchi iliyopanga foleni Loliondo mwaka 2011 ingepaswa kuwa ya kwanza kulielewa hilo.

Ila biashara haisubiri tiba. Julai 2020 Umoja wa Ulaya uliruhusu kinywaji cha majani ya arabika na robusta kuuzwa katika soko lake, kama chakula cha asili kutoka nje. Mlango uko wazi, na Moshi, mji wenye mnada wa kahawa, una Lyamungu jirani, kituo cha utafiti wa kahawa tangu 1934. Kama kuna mahali pa kulipima jani la Kilimanjaro, kihamba kwa kihamba, ni hapo. Na lipimwe kabla wanunuzi hawajaja na magunia, kwa sababu mbuni ukinyonyolewa majani hauzai, na mkulima mwenye shida ya ada ya shule atanyonyoa.

Nilimweleza shangazi haya yote, manjiferini na Ulaya na kawa daun. Alisikiliza huku akimenya ndizi, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akauliza:

"Sasa mwanangu, na mrututu niliopuliza juu ya hayo majani, wao watauosha na nini?"